Kongosho, Mionzi na Reli ya Mlimba

Mwaka 1993 watoto wa Idete, kijiji kilicho kwenye njia ya kutoka Ifakara kuelekea Mlimba, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa SPf66, chanjo ya malaria iliyobuniwa na daktari wa Colombia, Manuel Elkin Patarroyo. Jingine lilichomwa sindano isiyokuwa na chanjo hiyo. Wazazi hawakujua mtoto wao yuko kundi gani, na waliokuwa wakichoma nao hawakujua. Watoto walikuwa 586, wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Majibu hayakuhitaji kusubiriwa sana, maana katika vijiji vile mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea mara 300 hivi kwa mwaka.

Oktoba 1994 jarida la Lancet likachapisha majibu: chanjo imepunguza malaria kwa asilimia 31. Watu wakashangilia. Wachache walisoma maneno yaliyofuata, kwamba kwa hesabu za kitakwimu ukweli ungeweza kuwa popote kati ya sifuri na asilimia 52. Chanjo ikajaribiwa Gambia, haikufua dafu. Ikajaribiwa Thailand, vilevile. Ikarudishwa bonde la Kilombero, iliko Idete, safari hii kwa watoto wachanga waliokuwa wakiletwa kliniki kwa chanjo zao za kawaida, ikatoa asilimia 2. SPf66 ikaishia hapo.

Naanza na Idete, ingawa ninachotaka kusimulia ni saratani ya kongosho, kwa sababu mionzi ya kutibu saratani hiyo imepita njia hiyohiyo: jaribio dogo lenye matumaini, jaribio kubwa linalokataa, kisha watu wanarudi mezani na swali jipya. Msomaji wa Kilombero hahitaji kuelezwa kwamba jaribio lililosema hapana limefanya kazi yake. Bonde lake limekwishayaona hayo.

Idete haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Rudolf Geigy, profesa kutoka Basel, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 taasisi yake ya magonjwa ya nchi za joto ikafungua maabara mjini hapo, ambako Wakapuchini wa Uswisi walikuwa tayari na misheni na hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwanzoni walichofuata ni wadudu: kupe, mbung'o, mbu. Katika miaka ya 1990, kituo kikiwa chini ya Mtanzania, Dk. Andrew Kitua, kazi ilikwishageuka kuwa ya kuhesabu watu. Kuanzia Septemba 1996 wahojaji walizungukia kaya za vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, na kila baada ya miezi minne wakarudi kuuliza yaleyale: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Daftari hilo ndilo lililowezesha kusemwa, mwaka 2001, kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vimeongeza uhai wa watoto kwa asilimia 27. Leo kituo hicho kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara na kinajulikana duniani.

Lakini kilijengwa kwa ajili ya mbu. Ugonjwa wa kongosho una tabia nyingine kabisa.

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, limelala kukingama mbele ya uti wa mgongo, na kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba. Uvimbe ukianza hapo, hakuna anayeuona wala kuupapasa. Mgonjwa anaanza kulalamika chembe cha moyo, maumivu yanayopenya hadi mgongoni na kuzidi usiku akilala chali. Anapewa dawa za vidonda vya tumbo. Chakula hakimpiti, suruali inamlegea. Kisha uvimbe unaubana mrija wa nyongo, na ndipo ndugu wanashtuka: macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai kavu, choo kilichopauka, mwili unawasha hata kujikuna hakusaidii. Kwenye zahanati atapimwa malaria, atashukiwa homa ya ini. Huo si uzembe. Tabibu mwenye kipimo cha malaria, darubini na mikono yake miwili hana namna ya kuliona kongosho. Ultrasaundi inaweza kuonyesha kwamba mirija ya nyongo imetanuka, lakini kuujua uvimbe ulivyo, na kama umeikumbatia mishipa mikubwa ya damu, kunahitaji CT. Kwa mtu wa Mlimba, CT maana yake ni safari.

Mlimba yenyewe ni mji wa reli. Tazara ilianza kujengwa mwaka 1970, na hapo ndipo wajenzi wa Kichina na wa Kitanzania walipomaliza tambarare ya mpunga na kukutana na ukuta wa milima: kipande cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako, kisichofika kilomita 160, kiliwalazimu kutoboa mahandaki 18. Masika barabara ya Ifakara ikigeuka tope, treni ndiyo inayobaki. Wafanyabiashara wanaokimbilia madirisha ya mabehewa na ndizi na mchele wanajua ratiba kuliko wasafiri. Mgonjwa wa saratani anapanda treni hiyohiyo, na rufaa yake ikisomeka mionzi, kwa miaka mingi neno hilo lilikuwa na anwani moja tu nchini: hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Jengo la Ocean Road ni la Wajerumani. Lilijengwa katika miaka ya mwisho ya 1890 kwa ajili ya Wazungu, likitazama bahari, hatua chache kutoka ilipo Ikulu, na bado lina kuba zake mbili zinazowafanya watalii wadhani ni kasri. Huduma ya mionzi ilianza pale mwaka 1980, hospitali ikiwa tawi la Muhimbili, na mwaka 1996 Bunge likapitisha sheria ya kuifanya taasisi inayojitegemea. Dk. Twalib Ngoma ndiye aliyeiongoza katika miaka ile ya kujenga kila kitu kutoka chini, na alilipigia kelele jambo moja kila alipopata kipaza sauti, nyumbani na Vienna kwenye Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki: kwamba wagonjwa wa Afrika wanafika wakiwa wamechelewa.

Mashine za wakati huo zilikuwa za kobalti-60. Teknolojia hiyo ilianza kutibu watu nchini Kanada mwaka 1951 na inafaa sana mahali penye umeme wa kusuasua, kwa kuwa kobalti hutoa mionzi yenyewe bila kuungwa na nyaya. Tatizo lake ni kufifia, kama kaa la moto lililoachwa jikoni. Kila mwezi hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu, na baada ya miaka mitano na robo imebaki nusu. Kwa mgonjwa, hii ina maana kwamba dozi iliyokuwa ikitolewa kwa dakika mbili mashine ikiwa mpya sasa inatolewa kwa dakika nne. Zidisha dakika hizo kwa foleni iliyoanza alfajiri kwenye mabenchi, watu wenye mistari ya wino ngozini wakiwa wameonywa wasiisugue wanapooga, maana mistari ndiyo inayomwonyesha mtaalamu pa kulenga kesho na keshokutwa, kwa wiki tano au sita.

Wengi kwenye foleni hiyo walikuwa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi. Kwao ilikuwepo tiba ya kulenga hasa, inayoitwa hospitalini mionzi ya ndani: chanzo kidogo cha mionzi kinapitishwa kwenye mrija hadi kugusana na uvimbe, kinakaa muda uliopigiwa hesabu, kinatolewa. Mionzi hupungua haraka sana kila unaposogea mbali na chanzo, kwa hiyo uvimbe unapata kipigo kizito huku kibofu na utumbo vikinusurika. Mlango wa kizazi una njia ya kuufikia. Kongosho halina, na sehemu kubwa ya historia inayofuata ni ya watu waliokuwa wakitafuta njia hiyo.

Upasuaji ulikuja kwanza. Allen Whipple wa New York alitoa taarifa yake mwaka 1935, na operesheni inayobeba jina lake hadi leo ndiyo tumaini kuu la kupona kabisa, lakini wengi wanagundulika wakiwa wamepita hatua hiyo. Kwa hao waliobaki, madaktari wa Marekani chini ya Charles Moertel walichapisha mwaka 1981 jaribio la wagonjwa 194. Waliopata mionzi peke yake waliishi kwa wastani wa wiki 23. Waliopata mionzi pamoja na dawa ya fluorouracil waliishi wiki 40 hivi. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi cha kuifanya tiba ya pamoja kuwa kawaida hospitalini kwa kizazi kizima. Lakini jaribio lile halikujibu swali ambalo mtu wa Idete angeliuliza mara moja: wako wapi waliopata dawa peke yao, bila mionzi?

Jibu lililochelewa lilitoka Ufaransa na nchi wenza. Jaribio la LAP07 lilianza kuandikisha mwaka 2008, likapata wagonjwa 442. Baada ya miezi minne ya dawa, 269 ambao uvimbe wao haukuwa umesonga mbele walipigiwa kura: nusu waendelee na dawa, nusu waongezwe mionzi. Matokeo ya mwaka 2016 yaliumiza. Waliopata mionzi waliishi miezi 15.2, wasiopata 16.5, tofauti isiyo na uzito wowote. Kulikuwa na faida moja: mionzi iliuzuia uvimbe usikue pale ulipo, asilimia 32 dhidi ya 46. Lakini wagonjwa walikuwa wakifa kwa mbegu zilizokwisha kusambaa kwenye ini na mapafu, ambako mionzi haikuelekezwa.

Wataalamu wa mionzi hawakukubali kirahisi, na mimi nadhani walikuwa na hoja. Dozi iliyotumika, walisema, ni ndogo mno. Uvimbe wa kongosho umejaa nyuzi ngumu na una oksijeni kidogo, na mionzi inahitaji oksijeni ili ikate sawasawa. Kinachozuia dozi kubwa ni ule utumbo unaokumbatia kichwa cha kongosho: ukiuchoma, unapata vidonda, unavuja damu, au unatoboka. Tena vyote vinapanda na kushuka na pumzi, sentimeta nzima au zaidi. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwahi kuthubutu. Mwaka 2004 Albert Koong na wenzake waliripoti wagonjwa 15 waliopewa dozi nzima kwa siku moja, hadi grei 25 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), kwa mashine yenye mkono wa roboti. Uvimbe ulitulia. Lakini ripoti zilizofuata za kituo hichohicho zikaonyesha, miezi kadhaa baadaye, vidonda vya utumbo na hata kutoboka.

Ndipo ikaja mashine iliyounganisha mionzi na MRI. Mgonjwa akiwa amelala mezani, daktari anaona kongosho na utumbo vilivyokaa asubuhi ile, anachora mpango upya kwa siku hiyo, na mwali unajizima wenyewe uvimbe ukitoka kwenye mstari kwa sababu ya pumzi. Kati ya Januari 2019 na Januari 2022 jaribio lililopewa jina la SMART liliwatibu wagonjwa 136 kwa njia hiyo: grei 50 kwa vikao vitano tu. Madhara makali ya tumbo ambayo yangeweza kuhusishwa na mionzi yalionekana kwa asilimia 8.8 ya wagonjwa, na hakuna hata moja lililothibitishwa kwamba limesababishwa nayo. Ni matokeo mazuri. Ila jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha, na wakati huohuo jaribio jingine la Marekani, la wagonjwa 126 waliokuwa wakiandaliwa kwa upasuaji, lililazimika kufunga upande wa mionzi katikati ya safari kwa sababu ulikuwa nyuma ya upande wa dawa tupu. Kuhusu mashine yenyewe ya MRI: kampuni ya ViewRay iliyoitengeneza iliomba kinga ya kufilisika Julai 2023. Hata hospitali tajiri zilijikuta na chombo kisichojulikana nani atakitengeneza kikiharibika, hofu ambayo mafundi wetu wameishi nayo miaka yote.

Wengine walirudi kwenye wazo la mionzi ya ndani. Fosforasi-32 ni dawa kongwe: John Lawrence aliitumia Berkeley mwaka 1936 kwa mgonjwa wa saratani ya damu. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 14 hivi, na chembe zake husafiri milimeta chache tu ndani ya nyama. Katika jaribio la PanCO, lililofanyika Australia, Uingereza na Ubelgiji, punje ndogo za silikoni zenye fosforasi hiyo ziliingizwa moja kwa moja kwenye uvimbe. Mgonjwa anameza bomba la endoskopi lenye ultrasaundi kwenye ncha, sindano inapenya ukuta wa mfuko wa chakula na kuingia kwenye kongosho, punje zinaachwa humo zimalize nguvu zao. Hiyo ndiyo njia iliyokuwa ikitafutwa. Waliowekewa walikuwa 42, na baada ya wiki 16 uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa zaidi ya wanane katika kila kumi. Hili nalo halikuwa na kundi la kulinganisha. Nimesoma matangazo yanayoisifu tiba hiyo kana kwamba kazi imekwisha. Mbele yake kuna swali lilelile la Idete, na halina njia ya mkato.

Si kweli kwamba majaribio ya namna hii ni ya Wazungu kwa Wazungu. Mwaka 1967, pale Mulago, Kampala, kilifunguliwa kituo cha kutibu uvimbe wa taya wa watoto uliochunguzwa na Denis Burkitt. John Ziegler, na baadaye Mganda Charles Olweny, walipima dawa baada ya dawa kwa kura na kwa ufuatiliaji wa hadi vijijini, na walichojifunza kwa watoto wa Uganda kikasaidia kutibu saratani nyingine nchi za mbali. Kituo hicho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Tofauti ni kwamba ule uvimbe unaonekana usoni, mama anauona akimwosha mtoto.

Ocean Road ilipata mashine za kisasa za linak mwaka 2018. Hizi hazina kobalti. Mionzi inazalishwa kwa umeme na kulengwa kwa umakini zaidi. Bugando kule Mwanza nayo sasa inatoa mionzi, na foleni imepungua makali. Mgonjwa wa kongosho anayefika kutoka bondeni, hata hivyo, kwa kawaida anapata vitu vitatu: mrija au upasuaji mdogo wa kufungua njia ya nyongo ili manjano na kuwashwa kupungue, dawa za dripu akiwa na nguvu ya kuzistahimili, na mofini. Mofini ya maji ya kunywa, ambayo Ocean Road imekuwa ikiitengeneza na kuisambaza, imewasaidia wagonjwa hawa kuliko mashine yoyote iliyotajwa hapa.

Katika yote yaliyojaribiwa, lipo moja ambalo ningependa lizungumzwe Dar es Salaam na Ifakara. Nyuma ya kongosho, mbele ya mshipa mkuu wa damu, kuna fundo la mishipa ya fahamu linalobeba maumivu yale ya mgongoni. Yaacov Lawrence wa Israel na wenzake wa nchi nyingine nne walilielekezea mionzi fundo hilo badala ya uvimbe: grei 25, kikao kimoja, mgonjwa anarudi nyumbani. Walitibu watu 125 wenye saratani, wengi wao ya kongosho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: kati ya 90 walioweza kupimwa baada ya wiki tatu, 48 walikuwa wamepata nafuu ya kweli ya maumivu. Hakuna aliyeahidiwa kupona.

Kazi hiyo haihitaji mashine ya MRI. Inahitaji linak iliyo sahihi, picha nzuri za CT, mtaalamu wa fizikia asiye na haraka, na kundi la kulinganisha, kwa mfano mofini peke yake dhidi ya mofini na kikao kimoja cha mionzi. Kwa anayetoka Mlimba, kikao kimoja badala ya vikao 28 maana yake ni tiketi moja ya kwenda na moja ya kurudi, bila mwezi na zaidi wa kupanga chumba Dar es Salaam na ndugu wa kumpikia. Wa kumfuatilia kijijini baada ya wiki tatu na kumwuliza maumivu yako wapi kati ya sifuri na kumi, Ifakara imewazoeza watu wake kazi ya namna hiyo tangu 1996.